Bondia wa Uzito wa Juu Ameshinda kwa Tabu: Kutafuta Kilichoharibika na Kilipoanzia

Kijana ameshinda. Labda kwa pointi za kubanana, labda kwa TKO (refa kusimamisha pambano) raundi ya saba baada ya yeye mwenyewe kupelekwa chini raundi ya nne. Kwenye mabaraza ya kahawa Ngamiani, hapa Tanga, hukumu imeshatoka: wengine wanasema ni chuma, wengine wanasema kabahatisha. Kocha hana cha kufanya na hukumu zote mbili. Anachohitaji ni kujua kitu gani kiliharibika kwanza, kwa sababu kinachoonekana raundi ya sita mara nyingi kilianza raundi ya pili, na kilianzia miguuni.

Ushindi wa tabu ndio wakati wa bei nafuu kuliko wote wa kutengeneza kasoro. Anthony Joshua alimwangusha Wladimir Klitschko raundi ya tano Wembley, Aprili 2017, akamwaga nguvu zote kutafuta kumalizia, akabaki hana pumzi, na raundi ya sita akaanguka yeye. Alinyanyuka akashinda raundi ya 11, na watu wakasifia moyo wake. Juni 2019 New York alimwangusha Andy Ruiz raundi ya tatu, akaingia kumalizia mzimamzima vilevile, akakutana na ngumi ya kuzungusha ya kushoto kichwani. Alianguka mara nne kabla refa hajasimamisha pambano raundi ya saba. Ugonjwa uleule, miaka miwili baadaye, na safari hii ulimgharimu mikanda.

Kabla ya video, mwili

Usianze kuchambua ufundi wa mtu ambaye hujui kama mkono wake ni mzima. Usiku wa kwanza asilale peke yake. Kichwa kinachozidi kuuma, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, kuongea mambo yasiyoeleweka au mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine: hospitali ya Bombo usiku huohuo, si kesho asubuhi. Mkojo mwekundu au wa rangi ya chai ya rangi nao unampeleka hospitali, hata kama anasema yuko poa.

Mkono: bonyeza kifundo kimoja kimoja, halafu bonyeza kile kishimo cha chini ya kidole gumba, upande wa nyuma wa kiganja, kinachojitokeza akinyoosha gumba. Maumivu pale yanaweza kuwa ufa kwenye kimfupa kidogo cha pale kiganja kinapoungana na mkono, ambacho picha ya siku za mwanzo huwa haikionyeshi. Mkono ufungwe, picha irudiwe baada ya siku 10 hadi 14. Jicho: akiona vitu viwiliviwili au shavu limekufa ganzi, asipenge kamasi kwa nguvu, aende kwa daktari. Daniel Dubois alivunjika mfupa wa tundu la jicho dhidi ya Joe Joyce Novemba 2020, akapiga goti raundi ya kumi. Wako waliomwita mwoga kabla majibu ya hospitali hayajatoka.

Hapo ndipo penye faida kwa uchambuzi wenyewe. Ukijua mkono wa kulia uliumia raundi ya tatu, hutapoteza mwezi mzima ukimfundisha "ujasiri wa kurusha kulia".

Sparingi (kupigana na mwenzake mazoezini) isiguswe chini ya siku 30. Kama aliangushwa au aliyumba vibaya, siku 60 na daktari aseme ndiyo. Mazoezi ya miguu, kamba na begi jepesi yanaweza kurudi mapema.

Namna ya kuangalia pambano

Liangalie mara tatu, na mara ya kwanza zima sauti. Kelele za ukumbini humfanya mtu aone konde ambalo halikufika. Mara ya pili chukua kipande cha karatasi, funika nusu ya juu ya kioo cha kompyuta, uone miguu tu. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayotoa majibu mengi. Mara ya tatu uwe na daftari: kila raundi igawe dakika moja moja, na kwa kila dakika andika jebu alizorusha (ngumi nyoofu ya mkono wa mbele), ngumi nyingine zote, na makonde safi aliyokula. Mabondia wakubwa wa uzito huu hurusha ngumi 40 na ushei kwa raundi, karibu nusu yake zikiwa jebu. Kijana aliyerusha jebu sita raundi nzima ameshakuambia kitu.

Umbo la hesabu ni muhimu kuliko jumla yake. Ngumi zikipungua polepole, 45, 41, 36, 30, tatizo ni maandalizi. Zikiporomoka ghafla, 48, 50, 22, kuna tukio: alipigwa mwilini, aliumia, au alimwaga nguvu akitafuta KO (kumwangusha mpinzani asiinuke). Rudi kwenye dakika hiyo uangalie tena kwa mwendo wa robo.

Dalili: pumzi inakata raundi ya nne au ya tano

Hapa ndipo makocha wengi huagiza dawa moja kwa magonjwa sita, yaani "aongeze kukimbia". Kijana wa kilo 108 akikimbizwa kilomita 10 kila alfajiri kwenye lami kuelekea Pongwe, atakachokuja kukuletea ni magoti.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni kubana pumzi. Bondia mzito aliyezoea kumaliza mapambano mapema huingia na mfululizo wa ngumi nne bila kutoa hewa hata mara moja. Kwenye video utaona mabega yamepanda masikioni na mdomo umefungwa kabisa. Kipimo chake ni rahisi: apige begi raundi tatu kama kawaida, siku nyingine apige raundi tatu huku akihesabu kila ngumi kwa sauti. Kuhesabu kunamlazimisha atoe hewa. Kama siku ya kuhesabu amemaliza akiwa na nafuu ya wazi, basi mapafu yake ni mazima, kinachomwangusha ni namna anavyoyatumia. Tiba ni kutoa hewa kwa "ss" fupi kwenye kila ngumi, kwenye kamba, padi na begi, kwa wiki zisizopungua sita, mpaka asiwe anaikumbuka.

Pili, maandalizi yenyewe. Mwishoni mwa raundi ya sita ya begi hesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Akae dakika moja, hesabu tena. Yakishuka 30 au zaidi, hali ni nzuri. Yakishuka chini ya 20, dakika ya kona haimtoshi kurudisha pumzi, na hapo ndipo kazi ya ziada inapohitajika. Kwa mtu mzito ifanyieni mchangani maji yakipwa, dakika tatu za kasi na moja ya kutembea, mara nane. Kuogelea Raskazone mara mbili kwa wiki kunamjenga pumzi bila kugusa magoti.

Tatu, uzito. Uzito wa juu kwa kawaida unaanzia kilo 90.7 na hauna kikomo, kwa hiyo mizani haimtishi mtu. Ndiyo sababu wengi wao wananenepa kimyakimya. Ruiz alipanda ulingoni mara ya kwanza na Joshua akiwa na ratili 268 (karibu kilo 122). Kwenye marudiano Desemba 2019 alikuwa na 283 na nusu (karibu kilo 129), akashindwa kwa pointi za wazi baada ya raundi kumi na mbili na Joshua aliyekuwa amepunguza karibu kilo tano. Usiamini kilo peke yake. Pima kiuno usawa wa kitovu kila Ijumaa asubuhi. Kilo zikipanda na kiuno kimetulia, ni misuli. Vikipanda vyote, ni chapati na soda. Kuna pia tatizo la kinyume, na huku kwetu ndilo kubwa zaidi: kijana wa asili ya kilo 88 anajazwa wali hadi kilo 97 kwa sababu promota anataka pambano la uzito wa juu. Huyo hatapata pumzi kwa dawa yoyote. Arudishwe uzito wake.

Nne, joto na maji. Mapambano ya Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na ukumbi umefurika, hukausha mtu kabla ya kengele ya kwanza. Pima uzito kabla na baada ya mazoezi, bila nguo: kila kilo iliyopotea ni takriban lita moja ya maji. Kwa mtu wa kilo 105, kupoteza zaidi ya kilo mbili kunatosha kushusha kiwango chake. Arudishe lita moja na nusu kwa kila kilo, kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Madafu ni mazuri ila chumvi yake ni ndogo, tia kidogo.

Tano, hofu. Dalili yake ni raundi ya kwanza kuwa na ngumi nyingi mno kuliko alivyowahi kurusha mazoezini, kisha kuporomoka. Jumamosi moja moja waalike watu gym, wapige kelele, mfanyie sparingi ya raundi sita mbele yao akiwa kwenye glovu na taa za kutosha. Na sita, makonde ya mwilini. Tafuta wakati ambapo kiwiko kilishuka kikaganda ubavuni na hakikupanda tena.

Dalili: anakula mkono wa kulia uleule

Simamisha video kila mara anapokula konde hilo, kisha rudisha nyuma sekunde mbili. Swali ni moja: alikuwa ametoka kufanya nini?

Akiwa ametoka kurusha jebu, angalia mkono wake wa kushoto unarudi kwa njia ipi. Ukitoka usawa wa bega na kurudi usawa wa kifua, ni kosa la zamani kuliko sisi sote. Max Schmeling alikaa pembeni ya ulingo Desemba 1935 akimtazama Joe Louis, wakati huo kijana asiyepigika, akaona kushoto kunashuka kila baada ya jebu. Juni 19, 1936 alimpiga kulia kuvuka juu ya mkono huo usiku kucha hadi raundi ya 12. Louis alirekebishwa, na miaka miwili baadaye alimmaliza Schmeling ndani ya raundi moja.

Kipimo: funga kamba ya katani ukutani hadi nguzo, usawa wa kidevu chake, arushe jebu juu yake. Mkono ukigusa kamba wakati wa kurudi, unashuka. Jebu mia kwa siku, polepole, kabla hajavaa glovu za begi.

Lakini kama mkono unarudi vizuri na bado anakula, shuka chini uone miguu. Mara nyingi atakuwa amesimama kifua wazi, miguu yote miwili sambamba, au anatoka kwa kurudi nyuma mstari mnyoofu hatua tatu mfululizo. Hatua ya kwanza nyuma haina ubaya, ya pili ina hatari, ya tatu ndiyo inayomkuta amenyooka kidevu juu. Chora chaki sakafuni mistari miwili, upana wake ukizidi mabega kidogo, na kila mfululizo uishe kwa hatua ya pembeni inayovuka mstari. Kocha wa padi asimame kidete: kijana akitoka nyuma moja kwa moja, padi imfuate imguse kichwani. Ataelewa haraka kuliko kwa maneno.

Dalili: aliangushwa, au miguu ilikufa

Usikimbilie kusema kidevu ni laini. Kidevu hakirekebishiki, vitu vinavyofanana na kidevu kibovu vinarekebishika. Miguu iliyopishana au kubanana wakati konde linafika humwangusha mtu yeyote, hata kwa konde la kawaida, na huyo huinuka na macho safi. Dubois aliangushwa mara tatu raundi ya kwanza na Kevin Lerena Desemba 2022 huku goti lake likiwa limeumia, akashinda raundi ya tatu. Aliyeangalia video bila kujua habari ya goti angetoa hukumu isiyo sahihi.

Kinachotupa habari kamili ni sekunde 20 baada ya kuumizwa. Je, alitazama kona yake akiwa chini? Alipiga goti mpaka refa ahesabu nane au aliruka kusimama kwa aibu? Alikumbatia, au alirudisha ngumi akiwa haoni? Wengi wanaopanda haraka hawajawahi kufundishwa kukumbatia, maana hawakuwahi kuhitaji. Jared Anderson wa Marekani alimshinda Charles Martin kwa pointi Julai 2023, lakini raundi ya tano aliyumbishwa. Agosti mwaka uliofuata Martin Bakole wa Kongo alimwangusha raundi ya kwanza tu, akammaliza raundi ya tano.

Kinyume chake ni Wladimir Klitschko. Baada ya Lamon Brewster kummaliza Aprili 2004, wengi walimzika. Septemba 2005 Samuel Peter alimwangusha mara tatu, na bado alishinda 114-111 kwa majaji wote watatu, kwa jebu na kukumbatia. Kidevu kilikuwa kilekile. Alichopata kwa kocha wake Emanuel Steward ni mpangilio.

Kukumbatia kunafundishwa: paji la uso kwenye bega la mpinzani, mkono mmoja unapita juu ya kiwiko chake na kubana kwapani, mwingine unashika nyuma ya mkono, uzito wote unamlalia. Mfanye kijana azunguke mara kumi mpaka kizunguzungu, halafu mwenzake amvamie kwa sekunde 15 akiwa na glovu za aunsi 16, akipiga mwilini tu. Hakuna kupiga kichwa kwenye zoezi hili.

Dalili: makonde yanafika, mpinzani haanguki

Paka chaki ya unga kwenye glovu zote mbili, apige begi dakika moja, kisha soma alama. Alama za vifundo vya mbele zikiwa wazi na za duara, ngumi ni safi. Zikiwa zimeburuzwa, anapiga kwa ndani ya glovu, mkono umefunguka mno. Begi likisukumwa mbali na kurudi kama bembea, anasukuma, hapigi: konde zuri hulikunja begi mahali lilipo. Tumia begi la kilo 50 kwenda juu, kwani jepesi humdanganya mtu mzito.

Sababu ya kawaida kwa uzito huu ni kukaribia kupita kiasi. Baada ya kumwona mpinzani ameumia, kijana huingia mpaka vifua vinagusana na ngumi zinakosa nafasi. Tiba ni hatua nusu nyuma, jebu, ndipo kulia. Kama kisigino cha nyuma hakiinuki anaporusha kulia, nyonga haijazunguka na anapiga kwa bega tu.

Dalili: alipotezwa na mashoto (bondia wa mkono wa kushoto)

Angalia mguu wa mbele wa nani uko nje. Kama wa mpinzani ulikuwa nje ya wake pambano zima, hakuna kingine cha kutafuta. Pasuko nazo hutokea sana hapa kwa sababu vichwa vinagongana, ingawa konde nalo hupasua; Otto Wallin, mashoto, alimpasua Tyson Fury kwa konde juu ya jicho la kulia raundi ya tatu Septemba 2019, nyuzi 47, na Fury akashinda kwa pointi akiwa anachuruzika. Tafuta mashoto wa uzito wowote, hata wa kilo 70, kwa kazi ya miguu tu.

Dalili: maelekezo ya kona hayakufanyika

Kabla ya kumlaumu, sikiliza sauti ya kona. Watu watatu wakiongea kwa pamoja, hakuna aliyesikika. Dakika moja igawanywe hivi: sekunde 15 za kimya na pumzi, maji, barafu shingoni, kisha mtu mmoja aseme jambo moja, akizidisha sana mawili. Angalia kama kijana alilijaribu ndani ya dakika ya kwanza ya raundi iliyofuata. Akijaribu likashindikana, hiyo ni sifa kubwa, mwandikie.

Sifa zake usizivuruge

Kwenye daftari pawe na ukurasa wa yaliyofanya kazi, tena kwa undani uleule. Jebu iliendelea baada ya kuumizwa? Alishinda raundi ya mwisho akiwa amechoka? Alibadilisha mpango katikati? Raundi mbili alizozishinda akiwa hoi zina uzito kuliko KO sita za raundi ya kwanza dhidi ya watu waliokuja kuchukua posho. Rekodi ya KO za mapema haisemi lolote kuhusu raundi ya sita. Kocha akishika kasoro tatu kwa pamoja, huwa anaua na ile jebu iliyomfikisha kijana hapo. Kasoro moja kuu kwa kambi moja, na ndogo moja ya kusindikiza.

Tatizo la Tanga: watu wa kufanya nao sparingi

Hassan Mwakinyo alitoka hapa akaenda Birmingham Septemba 2018, akammaliza Sam Eggington raundi ya pili. Lakini alipigana super welter, chini ya kilo 70, uzito ambao gym zetu zina watu. Kijana wa kilo 105 anabaki kuwapiga wadogo, na hapo hujenga tabia mbaya zilezile tulizozichambua: kusogea bila jebu, kidevu juu, kutojua kukumbatia.

Tumia mabondia wepesi kwa zamu, kila mmoja raundi mbili, watatu kwa siku, yeye akiruhusiwa jebu na kazi ya miguu pekee. Kasi yao itamfichua. Kwa uzito halisi hakuna njia ya mkato: wiki mbili Dar es Salaam, au Mombasa kupitia Horohoro, zipangwe wiki ya tano na ya sita kabla ya pambano, si wiki ya mwisho. Zirekodiwe simu ikiwa pembeni ya kona ileile, kimo kilekile, ili hesabu zake ziweze kuwekwa kando ya zile za pambano lililopita.

Ndipo mpinzani anayefuata achaguliwe. Kama kasoro ilikuwa mkono wa kulia unaovuka juu ya jebu, atafutwe mwenye mkono huo lakini miguu mizito, raundi nane, asiye na rekodi ya kumaliza watu mapema. Promota akileta jina kubwa kabla hesabu za sparingi hazijabadilika, jibu ni hapana, hata kama posta zimeshabandikwa hadi uwanja wa Mkwakwani.